Kijitabu cha Newala: Hakimiliki Inayohesabiwa Kutoka Kaburini

Mwezi Juni, msimu ambao mikorosho ya Newala hupulizwa salfa na vumbi lake la manjano hutua juu ya kila kitu, kuanzia mabati ya nyumba hadi nguo zilizoanikwa, msichana anayesimamia chumba kidogo cha kusomea mjini humo alinipigia simu nikiwa Mtwara. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alisema, "Mwalimu, nina kitabu ambacho kila mtu anakitaka na hakuna mtu wa kuniruhusu nikitoe kopi." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, si mwanasheria, lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaandikia watu barua zao rasmi, na mambo ya hakimiliki nimeyafuatilia tangu nilipoanza kukusanya maandishi ya zamani kwa ajili ya wanafunzi wangu. Nikapanda basi linalopita Nanyamba na Tandahimba, nikaenda kukiona.

Majina ya wahusika na jina la kitabu nimeyaacha kwa makusudi. Familia haikuomba kujulikana, na kisa chenyewe kingeweza kutokea Nachingwea, Liwale au Kilwa bila kubadilika sana.

Kijitabu kina kurasa 64. Kilichapwa mwaka 1968, na mtunzi wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye jioni, baada ya vipindi, alipita vijijini akiwasikiliza wazee na kuandika hadithi zao kwa Kiswahili, huku nyimbo zilizomo ndani ya hadithi akiziacha kwa Kimakonde kama zilivyoimbwa. Hadithi ni 19. Kuna michoro 10 ya kalamu, ya mkono wa mtu aliyezoea kuchora, na hakuna mahali palipoandikwa jina la mchoraji. Nakala tuliyokuwa nayo, ambayo mpaka leo hatujapata ya pili, ilitoka ndani ya bati la biskuti lililokaa ghalani pamoja na mifuko ya salfa, kwa hiyo ukikifungua kinakuwasha pua kabla hujasoma neno. Pini mbili zilizokishika zimeota kutu na kuacha madoa ya kahawia katikati ya kila karatasi, na kona ya chini ya ukurasa wa 41 na 42 imeliwa na mende pamoja na mistari sita ya maneno.

Alichotaka msichana yule kilikuwa kidogo: nakala 300, ziende shule za msingi za wilaya, bila kuuzwa. Alikwenda kwa mwenye stesheneri mmoja Mtwara mjini, ambaye alikipekua kitabu, akasoma jina la mtunzi na jina la kiwanda cha uchapaji kilichokwisha kufungwa zamani, akamrudishia. Maneno yake nimeyanukuu kama nilivyosimuliwa, kwa sababu sijasikia mwanasheria aliyeeleza jambo hili kwa ufupi zaidi: "Dada, mimi nina mashine, sina wakili."

Ni rahisi kumcheka mtu wa mashine, lakini alikuwa sahihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inailinda kazi ya maandishi kwa uhai wote wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na muda huo huenda hadi siku ya mwisho ya mwaka unaokamilika. Hakuna usajili unaolazimishwa. Ulinzi unaanza mara kazi inapotungwa, mtunzi awe ameuomba au hajawahi kuusikia. Kazi zilizotungwa kabla ya 1999, ambazo muda wake ulikuwa haujakwisha, nazo zimo.

Basi ili kujua kama kitabu kiko huru, hatukutakiwa kujua kilichapwa lini, jambo lililoandikwa wazi katika ukurasa wa pili. Tulitakiwa kujua mtunzi alikufa lini, na hilo halimo kitabuni, wala haliwezi kuwamo. Tulielekezwa kwenye shamba moja upande wa kuelekea Shimo la Mungu, ambako chini ya mwembe kuna kaburi la saruji, na juu ya saruji mtu aliandika kwa kidole ilipokuwa bado mbichi: jina moja, kisha 1924, kisha 1979. Tulilazimika kukwangua kuvu kwa jiti ili tuwe na hakika kwamba tarakimu ya mwisho ni tisa na si nne. Tofauti ya tarakimu hiyo moja ni miaka mitano ya hakimiliki. Kwa tisa, ulinzi unaishia tarehe 31 Desemba 2029, na kitabu kinakuwa huru siku inayofuata, baada ya kufungwa kwa miaka 61 tangu kilipotoka. Mtu anayedhani kwamba sheria inahesabu umri wa vitabu aende akakwangue kaburi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuomba kibali, kwa kuwa kazi ambayo haijawa huru huweza kutolewa kwa ruhusa ya mwenye haki. Nani mwenye haki? Marehemu aliacha wake wawili na watoto saba. Watoto waliobaki hai ni wanne. Wajukuu hakuna aliyeweza kuwataja wote kwa mara moja: mmoja yuko Chikongola, Mtwara, kadhaa wako Dar es Salaam, na mmoja alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji na namba yake haipatikani. Mirathi ilisimamiwa wakati ule kwa ajili ya nyumba na mikorosho. Kijitabu hakikutajwa, kwa kuwa hakuna aliyekifikiria kuwa mali. Zaidi ya hapo Wamakonde kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika familia hii wapwa wa marehemu, yaani watoto wa dada zake, walikuwa na maoni kwamba mjomba wao hakuwa wa watoto wake peke yao. Na kulikuwa na uwezekano wa tatu, ambao ndio ulionisumbua usingizini: kwamba mwaka 1968 mwalimu yule alitia saini karatasi fulani ya kuiuza haki yake kwa wachapaji, karatasi ambayo sasa imekwisha kuoza au imo kwenye sanduku la mtu asiyejua alichonacho.

Nisieleweke kwamba kulikuwa na ugomvi. Kila mtu alikuwa mpole na kila mtu alitaka kitabu kitoke. Mtoto mkubwa wa kiume alikuwa tayari kutia saini papo hapo. Lakini mchapaji makini hatosheki na saini ya mmoja kati ya wenye haki wasiohesabika, na mimi mwenyewe sikuweza kumwambia kwa moyo safi kwamba imetosha. Hapa ndipo urefu wa muda unapojionyesha. Miaka 50 baada ya kifo inatosha wajukuu kuwa wazazi. Sheria iliyowekwa ili kuitunza familia ya mtunzi inakuwa imeitawanya haki kwa watu wengi kiasi kwamba familia yenyewe haiwezi tena kuitumia, hata ikitaka kuitoa bure.

Mpwa mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyeuliza swali lililonifanya niandike uchambuzi huu. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, kahawa imekwisha, akasema: "Mwalimu, mikorosho ya mjomba bado tunaiokota, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mwaka fulani itaacha kuwa yetu. Kitabu alikiandika kwa jasho lile lile. Kwa nini kiwe na mwisho?"

Swali hili halistahili jibu la haraka. Nilimjibu, "Mzee wangu, mikorosho 40 ikiokotwa na jirani, wewe umekosa, hadithi ya mjomba ikisomwa na watoto 300, bado iko kwako nzima." Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyesikia lakini hajakubali, na alikuwa na haki ya kutokubali, kwa sababu jibu langu lilieleza kwa nini kitabu si kama mti, halikueleza kwa nini mtunzi apewe ulinzi wowote. Usiku ule nilipata jibu bora, na nililipata katika desturi ya mikorosho yenyewe. Kwetu Kusini mtu akibanwa na shida huiweka mikorosho yake rehani: anapokea fedha, na aliyempa fedha anaokota korosho za msimu mmoja, miwili au mitatu, kisha miti inarudi kwa wenyewe. Hakimiliki ni rehani ya namna hiyo. Lugha ni ya wote, hadithi zilikuwa za wazee wa vijiji vile, na uwezo wa kunakili ni wa kila mwenye karatasi na kalamu. Umma unajinyima uwezo huo kwa misimu kadhaa ili mtunzi apate malipo ya kazi yake, kisha miti irudi. Rehani isiyo na msimu wa mwisho hakuna mkulima wa Tandahimba atakayeiita rehani. Ataiita unyang'anyi, na atakwenda kwa mtendaji wa kijiji.

Asubuhi nilipomweleza hivyo, mzee alicheka akasema, "Sasa misimu mingapi?" Hapo ndipo penye mjadala wote, na mjadala huo una zaidi ya miaka 300.

Sheria ya kwanza ya aina hii, ile ya Uingereza ya mwaka 1710 wakati wa Malkia Anne, ilimpa mtunzi wa kitabu kipya miaka 14 tangu kuchapishwa, na mingine 14 iwapo mtunzi alikuwa bado hai ya kwanza ilipokwisha. Marekani ilianza mwaka 1790 kwa kipimo hicho hicho. Hesabu ilianzia kwenye kitabu, ambacho mtu anaweza kukishika, na tarehe yake iliweza kuthibitishwa na yeyote. Mwaka 1841, ulipoletwa katika Bunge la Uingereza muswada wa kuulinda uandishi kwa miaka 60 baada ya kifo, mbunge na mwanahistoria Macaulay alisimama kuupinga kwa mfano ambao haujachuja. Alimtaja Samuel Johnson, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1784, akauliza kama kujua kwamba mfanyabiashara fulani wa vitabu angekuwa na ukiritimba wa kazi zake miaka zaidi ya 50 baadaye kungemwongezea Johnson hata chembe ya hamu ya kuandika. Hata hivyo kipimo cha kifo ndicho kilichoshinda hatimaye. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliofanyiwa marekebisho Berlin mwaka 1908 uliweka uhai na miaka 50, Uingereza ikafuata mwaka 1911, na baadaye Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1993, na Marekani, kwa sheria ya mwaka 1998, zikaongeza 20 na kufikia 70.

Hebu tulipeleke swali la Macaulay Newala. Mwaka 1968 mwalimu wetu ana miaka 44, anaandika kwa taa ya chemli. Tuseme mtu anamwahidi kwamba mwaka 2018, miaka 50 mbele, ukoo wake utalipwa shilingi 1,000 kutokana na kitabu. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ahadi hiyo ilikuwa na thamani ya shilingi 8 na nusu siku alipopewa, kwa kuwa fedha hiyo ndogo ikiwekwa kwa riba hiyo ingekua hadi kufikia 1,000. Ahadi ya shilingi zile zile 1,000 baada ya miaka 10 ingekuwa na thamani ya shilingi 385 hivi. Hamu ya kuandika, kama inanunuliwa kwa fedha, inanunuliwa na miaka ya mwanzo. Miaka ya mwisho haimnunui mtu, inawazuia tu wasomaji. Hoja hiyo ilipelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2002 na wanauchumi 17, wakiwamo watano waliopata Tuzo ya Nobel, walipopinga ile nyongeza ya miaka 20. Mahakama mwaka 2003 iliikubali nyongeza kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwa sababu ilichoamua ni kama Bunge lilikuwa na mamlaka, si kama lilikuwa na busara.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu unatoka kwa wenye haki wenyewe. Marekani kwa muda mrefu ilitoa miaka 28 na kumtaka mwenye haki aombe upya ili apate mingine 28. Utafiti uliofanywa na Barbara Ringer kwa ajili ya Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ulionyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 ni takriban asilimia 15 tu ya haki zilizofikia mwisho wa kipindi cha kwanza ndizo zilizoombewa kipindi cha pili, na kwa vitabu ilikuwa asilimia 7. Wenye haki waliulizwa kwa bei ya fomu na ada ndogo kama wanaitaka, na karibu wote hawakujitokeza. Sheria zetu za leo zinawapa wote, bila kuwauliza, muda ambao wengi wao wasingeuomba, na kazi zao zinabaki zimefungwa kwa ajili ya wachache ambao kazi zao bado zinauzika.

Sasa nirudi kwenye kijitabu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu tatizo liko wapi hasa. Nilikuwa nimelichukulia kuwa tatizo la idadi, yaani 50 ni nyingi na 70 ni nyingi zaidi. Kisha tukafika kwenye michoro. Mchoraji hakutaja jina, na wazee wote tuliowauliza hawakumjua. Kwa kazi ya mtunzi asiyejulikana, sheria ile ile ya 1999 haiwezi kuhesabu kutoka kifo, kwa kuwa haijui ni kifo cha nani, kwa hiyo inahesabu miaka 50 kutoka kazi ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa, ikichukua tarehe ya baadaye kati ya hizo. Mwaka 1968 na 50 ni 2018. Michoro ilikuwa huru tangu tarehe 1 Januari 2019! Katika ukurasa mmoja wa karatasi moja, sungura na fisi waliochorwa juu wanaweza kunakiliwa na yeyote, na maneno yanayosema sungura alimfanyia nini fisi yamefungwa hadi mwisho wa 2029.

Kwangu hili si kichekesho tu. Linaonyesha kwamba sheria tayari ina saa mbili za kuhesabia muda, na kwamba saa ya pili, ile inayoanzia kwenye kuchapishwa, inafanya kazi vizuri: haihitaji kaburi, haihitaji orodha ya wajukuu, na msichana wa chumba cha kusomea aliweza kuisoma peke yake bila mimi. Saa ya kwanza ndiyo mbovu. Inawapa watu wawili waliofanya kazi sawa malipo tofauti kwa sababu mmoja alipata malaria mapema. Mtunzi wa miaka 25 anayechapisha leo na kufariki akiwa na miaka 80 ataifunga kazi yake kwa miaka 105, wakati mzee wa miaka 79 anayechapisha siku hiyo hiyo na kufa mwaka unaofuata ataifunga kwa 51. Sioni kanuni ya haki wala ya uchumi inayoeleza tofauti hiyo.

Kama ningepewa kalamu, ningeandika hivi: miaka 30 tangu kuchapishwa, na mtunzi aliye hai asinyang'anywe kazi yake hata miaka hiyo ikipita. Aliyekufa mwaka mmoja baada ya kuchapisha anaiachia familia miaka 29, ambayo inamlea mtoto mchanga hadi awe mtu mzima mwenye watoto wake. Kwa kipimo hicho kijitabu cha Newala kingekuwa huru Januari 1999. Mwaka ule baadhi ya wazee waliomsimulia mwalimu walikuwa bado hai. Wangeweza kukisoma, kusomewa, kukisahihisha na kubishana nacho.

Lakini sikupewa kalamu, na uchambuzi wa haki lazima useme mikono ya Tanzania imefungwa wapi. Tuliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mkataba huo hauruhusu nchi mwanachama kushuka chini ya uhai na miaka 50 kwa maandishi, wala kumlazimisha mtunzi wa nchi nyingine mwanachama asajili ndipo alindwe. Ni kweli kwamba Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi zenye maendeleo duni, na sisi tumo, nafuu hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kutekeleza sehemu kubwa ya makubaliano yake ya haki za ubunifu; nafuu hiyo haifuti ahadi ya Berne. Kwa hiyo tuko sakafuni. Hatuwezi kushuka, na kila mkono utakaotushika utatuvuta juu. Ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wamakonde wenzetu wa Msumbiji, kipimo ni miaka 70 baada ya kifo. Kanada ilikaa kwenye 50 kwa miongo mingi, kisha mwishoni mwa 2022 ikapanda hadi 70, na sababu haikuwa kwamba watunzi wake walikuwa wameacha kuandika, bali kwamba ilikuwa imeahidi hivyo katika mkataba wa biashara na Marekani na Mexico. Japani ilipanda mwaka 2018 kwa njia inayofanana na hiyo. Siku mtu atakapoleta Dodoma karatasi ya biashara yenye kifungu kimoja cha kuongeza 20, natumaini atakuwapo mbunge wa kuuliza miaka hiyo inanunua nini.

Wapo watakaosema kwamba najishughulisha na mwisho wa haki wakati wasanii wetu wanaibiwa mwanzoni mwake, kwamba wimbo unaotoka Ijumaa, Jumamosi uko kwenye fleshi za stendi nzima. Nakubaliana nao kabisa, na sioni kinachopingana. Wizi wa wiki ya kwanza ndio unaomla msanii, kwa sababu ndipo fedha ilipo. Nguvu ya sheria iende huko. Miaka ya 40 na 50 baada ya mazishi haimrudishii msanii wa Lindi hata nauli.

Pia wapo wanaohofia kwamba kazi ikiachwa huru itadharauliwa. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Hata kwa kipimo hiki kirefu tungo zake zilikuwa huru hapa nchini kuanzia mwaka 2013, na hakuna darasa langu ambalo limemsahau. Na Mwalimu Nyerere alipozitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, moja ikatoka mwaka 1963 na nyingine 1969, hakulazimika kumtafuta mjukuu wa mtu yeyote Uingereza, kwa kuwa mwenye kazi alikufa mwaka 1616. Kiswahili kilitajirika kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Tafsiri zenyewe, kwa saa ya kaburi, zimefungwa hadi mwisho wa 2049.

Jambo ambalo Tanzania inaweza kulifanya bila kuvunja ahadi yoyote ni kuweka njia nyepesi kwa kazi ambazo mwenyewe hapatikani. Kanada imekuwa nayo tangu mwaka 1988: mtu anaonyesha kwamba ametafuta kwa bidii na hakupata, chombo cha serikali kinampa leseni, na mwenye haki akijitokeza baadaye anaweza kudai malipo yaliyowekwa. Uingereza ilianzisha mpango wake mwaka 2014. Nchi hizi zote mbili zimo Berne. Njia kama hiyo, ikiwa na fomu ya ukurasa mmoja na ada ambayo chumba cha kusomea cha wilayani kinaweza kuilipa, ingetupa jibu tulilolikosa kwenye mkeka: si kibali cha wajukuu wote, bali ruhusa halali ambayo mwenye mashine angeweza kuibandika ukutani.

Tuliishia wapi? Nilimshauri msichana atengeneze kopi moja tu ya akiba, jambo ambalo kwa maoni yangu linaingia katika nafasi ambayo sheria inaziachia maktaba, na asichape zile 300. Kisha tukaligeuza tatizo. Maneno ya mwalimu ni ya mwalimu, lakini hadithi hazikuwa zake. Zilikuwa simulizi za jadi, ambazo sheria yetu inazishughulikia kwa vifungu vya peke yake, vinavyowabana hasa wanaozitumia kibiashara nje ya mazingira yake. Basi wanafunzi wa shule mbili walitumwa kwa bibi na babu zao wakiwa na daftari, bila kuonyeshwa kitabu, wakazikusanya upya kwa maneno yao. Michoro tuliichukua yote 10, kwa kuwa iko huru. Mwenye stesheneri safari hii aliwasha mashine bila neno.

Kati ya hadithi 19 zilirudi 18, nyingine zikiwa ndefu na zenye utani zaidi kuliko zilivyokuwa mwaka 1968. Iliyokosekana ni ya 12, ya mwanamke aliyeshuka bondeni kuteka maji na kupanda uwanda na mtungi unaoimba. Wimbo wa mtungi bibi watatu waliujua na waliuimba kwa sauti ile ile. Kisa chenyewe hakuna aliyekumbuka. Kimo katika kijitabu peke yake, na kinaishia kwenye ukurasa wa 42, pale ambapo mende walikula.

Katika toleo jipya ukurasa wa hadithi ya 12 una mchoro wa mtungi juu, wimbo wa Kimakonde chini yake, na sehemu iliyobaki ni nyeupe. Kitabu cha zamani kimefungwa kwenye karatasi ya kaki na kurudishwa kwenye bati, mbali na salfa. Juu ya kaki msichana ameandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kukifungua, 1/1/2030.